Vidonge Nilivyompelekea Masika

Vijana wangu, mtu akiletwa kwenu na mkono umevunjika, msikimbilie maji na bandeji. Muulizeni kwanza: ulianguka toka wapi? Akisema pikipiki ilimtupa, au chukudu, ile baiskeli ya mbao, iliyojaa viazi ilimshinda kwenye mteremko, hapo mfupa umevunjika kwa sababu inayoeleweka. Mfungie plâtre, ile plasta inayokauka kama jiwe, mgombeze kidogo, atapona. Lakini akiwa mama wa miaka sitini, akakuambia, "Sikuanguka, nilikuwa nafungua mulango," weka bandeji chini uvute kiti. Huyo ana mengi ya kukuambia kuliko mkono wake.

Mimi nilijifunza kuuliza hivyo nikiwa nimebakiza miaka mitatu tu nistaafu. Nilikuwa nimeshafunga mifupa ya watu miaka thelathini, mingi Butembo, minne Beni, na nilijiona nimemaliza kujua. Naitwa Kambale. Hospitalini waliniita Papa Plâtre, na jina hilo limenifuata mpaka sokoni. Mwalimu wenu wa uuguzi ndiye aliyeniomba niandike. Aliniambia, "Papa, hapana kubaeleza mambo ya kitabu, ile batasoma. Baeleze yenye ilikushinda." Bon, nitawaeleza. Nitaandika Kiswahili cha shule kadiri ninavyokiweza, lakini watu wa kwetu wakifungua kinywa nitawaacha waseme wanavyosemaka.

Nilipoanza kazi, bandeji za plâtre hazikuja zimefungwa vizuri kwenye pakiti kama zenu. Tulizitengeneza wenyewe. Ulitandaza kitambaa chepesi juu ya meza, ukakisugua unga wa plâtre kwa kiganja mpaka uingie kwenye nyuzi, ukakunja taratibu. Msimu wa mvua Butembo mnaujua: ukungu unaingia hata ndani ya kabati. Ulifungua sanduku asubuhi ukakuta bandeji zimeshakuwa mawe, na hakuna mgonjwa uliyemfunga. Mkubwa wetu alikuwa Papa Kasereka, mtu mfupi, mpole kwa wagonjwa na mkali sana kwa maji. Maji ya moto yanaharakisha plâtre, ya baridi yanaichelewesha. Siku moja nilitia ya moto ili nimalize haraka nikale. Plâtre ikakauka kabla sijauweka mguu sawa, mgonjwa akabaki ameelekeza kidole gumba cha mguu ukutani. Papa Kasereka alinifanya niikate yote kwa kisu na siki, na ugali wangu wa foufou ukapoa mpaka ukawa haufai.

Siku nyingine nilimfunga mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kanyabayonga nikaacha pete kwenye kidole chake. Kufika jioni kidole kilikuwa kimevimba, na rangi yake haikunipendeza hata kidogo. Tulikata pete. Papa Kasereka hakunitukana. Alinikalisha karibu na yule mama, akaniamuru niendelee kumshika vidole mpaka vipate joto. "Bidole njo binasemaka," alisema, yaani vidole ndivyo husema. "Plâtre haisemake kitu." Kwa hiyo toa pete, toa bangili, weka pamba nene kila mahali mfupa unapotokeza, kisha rudi kutazama rangi ya vidole, joto lake, na kama mgonjwa anavisogeza. Hayo alinifundisha, na hakuna mwaka ambao hayakumwokoa mtu.

Mais hata mwalimu mzuri anaweza kukuachia kosa. Papa Kasereka alituachia moja, nasi tukalibeba bila kulipima. Ninyi mmezaliwa huku, mnajua mama zetu wanavyobeba: kikapu au gunia mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo imekazwa, macho chini. Basi kila mama mzee aliyekuja amepinda mgongo, Papa Kasereka alimtazama mara moja akasema, "Ile ni kamba." Tukaandika maumivu ya mgongo, tukampa dawa ya kutuliza na pomade ya kupaka, akaenda. Miaka thelathini nimesema hivyo mimi pia. Katekista wetu mmoja alipinda vilevile, na hakuwahi kubeba kitu kizito kuliko kitabu cha nyimbo. Kwake tulisema ni uzee.

Kamba inachosha mgongo, sikatai. Lakini hatukuwahi kuwauliza mama hao: ulipinda polepole, au kuna siku ulisikia maumivu ya ghafla, ukalala wiki mbili, ukaamka umepinda? Wengi wangetuambia ni siku moja. Pingili za mgongo zilikuwa zinavunjika ndani yao kimya kimya, nasi tulikuwa tunalaumu kamba.

Sasa nifike kwa Masika. Masika ni dada yangu mkubwa, binti wa kwanza wa nyumba yetu, anaishi Vuhovi mahali tulipozaliwa. Baba alipofariki nilikuwa bado shule ya msingi, na ni Masika aliyebeba viazi na maharagwe mpaka soko la Butembo ili nisiache masomo. Kazi yote ambayo mikono yangu imefanya, ni mgongo wake ulioilipa. Alikuwa mrefu. Tukisimama pamoja baada ya Misa, mimi niliishia kwenye sikio lake, naye alipenda kunitania kwamba mgeni akija, yeye anamwona kwanza, mimi nasubiri habari.

Magoti yake yalianza kuuma mwaka mmoja wa mvua nyingi. Daktari tuliyekuwa naye wakati huo alimwandikia vidonge vidogo vyeupe vya cortisone, vya siku kumi, kisha aache. Siku ya tatu Masika alikuwa anachuchumaa kwenye maharagwe kama msichana. Siku kumi zikaisha, magoti yakarudi kuuma, akanitumia habari. Na mimi, mtu wa blouse nyeupe ya hospitali ninayejua jina la kidonge, nikaona hakuna haja ya kumsumbua daktari. Nikaingia pharmacie ya jirani, nikanunua pakiti, nikampa motard, dereva wa pikipiki wa Vuhovi, ampelekee. Nikafanya hivyo mwezi uliofuata. Nikafanya hivyo miaka mitano.

Masika alinawiri. Hamu ya kula ikaongezeka, mashavu yakajaa, na mnajua mashavu yanavyopendwa kwetu. Kuna mabinti wanaomeza vidonge hivyohivyo kabla ya harusi ili wanenepe, na wauzaji wanavipa majina matamu. Wanawake wa Vuhovi walimuuliza dada yangu anakula nini, naye aliwajibu, "Mudogo wangu njo ananichunga." Nilipoambiwa hayo nilifurahi mno. Nilijiona nimeanza kumrudishia.

Dalili ya kwanza tuliicheka. Ilikuwa Pasaka, tunatoka kanisani, nikaona pindo la kikwembe chake, kitenge cha kiunoni, linafagia vumbi.

"Yaya, kikwembe yako imekuwa murefu," nikamwambia; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Ni kufua," akajibu. "Bikwembe bya siku hizi binavutikaka."

Nikakubali, mimi niliyesoma anatomie. Kitambaa kikifuliwa hupungua, hakiongezeki. Aliyekuwa anapungua ni yeye. Siku hiyo nilisimama karibu naye na macho yetu yalikuwa sawasawa, na sikujiuliza kitu. Nyumbani mkisikia bibi analalamika kwamba nguo zake zote zimekuwa ndefu, msimletee mshonaji, mleteni apimwe.

Mwaka uliofuata alivunjika mkono karibu na kiganja kwa sababu ya mbuzi. Alimvuta, mbuzi akakataa, Masika akakaa chini kwa makalio na mkono nyuma. Nilimfunga mwenyewe. Ilikuwa plâtre nzuri kuliko zote nilizofunga mwaka huo, hata niliipiga picha kwa simu. Tukamcheka mbuzi. Yeye, yule mbuzi, hakuumia popote, na hilo lilitufurahisha zaidi. Mtu kukaa chini kwenye majani akavunjika mkono, nami natafuta upande mzuri wa kupigia picha.

Mkono ukapona. Miezi michache baadaye Masika alikuwa anatoa sufuria ya sombe, majani ya muhogo, jikoni akasikia kitu kimelia "ka!" katikati ya mgongo. Alibaki pale ameinama, hawezi kwenda juu wala chini. Paluku, mwanawe mkubwa, alimpakia kwenye pikipiki mpaka Butembo, na kwa barabara ile sijui alivumilia vipi. Nilipomwona mlangoni pa hospitali sikumtambua haraka. Alikuwa mfupi, na uso wake ulikuwa umepoteza rangi.

Daktari wa zamu alikuwa Docteur Ngalula, mwanamke mdogo kuliko binti yangu, serikali ilikuwa imemtuma kutoka Kasai, na Kiswahili alikuwa amejifunzia kwetu. Aliweka picha ya radio, ile ya eksirei, kwenye mwanga. Pingili mbili zilikuwa zimebonyea upande wa mbele, kama mkate ambao mtu ameukalia.

"Mama, ulianguka?"

"Hapana, docteur. Nilikuwa natosha sufuria ku moto."

"Sufuria mukubwa?"

"Ya batu bane tu."

Nilikuwa nimesimama kando na jibu langu tayari: kamba. Docteur Ngalula hakuniuliza. Alimuuliza Masika, "Ku nyumba unakunywaka dawa gani?"

Masika akafungua fundo kwenye pembe ya kikwembe chake, akatoa pakiti, akaiinua ili kila mtu pale ndani aione. "Iyi," akasema. "Ni huyu mudogo wangu ananitumiaka kila mwezi. Bila yeye singetembea."

Docteur alinitazama. Kisha akamrudishia dada yangu pakiti kwa mikono miwili, akamwambia apumzike, akaniomba nitoke naye kwenye couloir, ushoroba wa nje.

"Papa Kambale, ordonnance ya dawa iliandikwa na nani?"

"Ya kwanza ni docteur wa zamani."

"Na zingine?"

"Zingine ni mimi."

"Myaka ngapi?"

"Tano," nikasema, na nilitamani ukuta ule unifiche.

Hakunikaripia. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenikaripia. Alinieleza hapohapo tumesimama, nami nawaeleza kama alivyosema. Mfupa si mti mkavu. Mfupa uko hai, kila siku kuna sehemu inabomolewa na sehemu inajengwa upya, kama nyumba ya matope ambayo mwenyewe anaikandika bila kupumzika. Ukiwa kijana wajenzi wanawashinda wabomoaji, ndiyo maana chakula cha ujana na kazi za ujana ni akiba ya mifupa. Baadaye wanalingana. Mwanamke akiacha kwenda mwezini, wabomoaji wanapata nguvu, na mfupa unabaki na umbo lake nje huku ndani umejaa matundu. Hauumi. Hauvimbi. Ugonjwa huo unaitwa ostéoporose, na mtu huambiwa anao siku anapovunjika. Hata picha ya radio inauonyesha ukiwa umeshaenda mbali. Mashine ya kuupima mapema ipo, lakini mimi sijawahi kuiona kwa macho yangu.

"Sasa cortisone ya kila siku," alisema, "inalaza bajengaji. Babomoaji banaendelea na kazi. Dawa yenyewe haiko mubaya, mutu wa asthme inamuponyesha, mais iko na siku yake na iko na docteur yake."

Nikasema leo leo nitazitupa dawa hizo chooni. Akanishika mkono. "Hapana. Ukikata mara moja anaweza kufa. Mwili wake umesahau kujitengenezea yenye ilikuwa inajitengenezea. Tutapunguza polepole, mwezi kwa mwezi. Mais lazima yeye ajue juu ya nini. Mutu mwenye hajue sababu atarudilia."

"Nitamuambia mimi," nikasema.

Na sikumwambia.

Masika alirudishwa Vuhovi na dawa nyingine: calcium, vitamine D, na kidonge kimoja cha mara moja kwa wiki ambacho mfanyabiashara alituletea kutoka Uganda. Hicho kinamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji mengi, na mtu anabaki wima nusu saa, asirudi kulala, la sivyo kinamchoma koo. Na zile za cortisone, nilimwambia tu, "Docteur anasema upunguze." Hakuuliza sababu. Kwa nini aulize? Aliniamini.

Familia ikakaa kikao. Paluku akasema mama amefanya kazi ya kutosha, sasa alale, kila kitu kitaletwa kitandani. Masika mwenyewe akamwita mke wa Paluku, akamkabidhi jembe, kikapu na ile kamba. "Hii kamba njo imeniua," akasema. "Wewe usibebe sana." Wote wakatazama ile kamba kwa hasira. Mimi ndiye niliyekuwa najua, nami niliitazama pamoja nao.

Niwaambie kwa nini sikulala vizuri baada ya siku hiyo. Nilipokuwa Beni, watu wa vijijini walikuwa wamekimbilia mjini kwa sababu ya vita, nyumba moja inalala familia tatu. Waliniletea bibi mmoja aliyevunjika nyonga kwa kuteleza kwenye tope la choo. Wajukuu zake walimpenda kweli. Hawakumruhusu hata ainue kikombe. Nilipomtembelea baada ya miezi miwili miguu yake ilikuwa imekonda, mgongo una vidonda, kifua kinakoroma. Hakufika mwisho wa mwezi. Mfupa usiofanyiwa kazi unajiona hautakiwi, unapungua, na nyama zinaufuata. Masika sasa alikuwa amelazwa vilevile kwa upendo uleule, huku vidonge vyangu viko chini ya mto.

Nilienda kumwona mara tatu, kila mara nikiwa nimeapa njiani kwamba leo nasema. Mara ya kwanza nilimletea maziwa na samaki wadogo wa fretin, nikahubiri chakula saa nzima: fretin wanaliwa pamoja na mifupa yao, lengalenga, mchicha wetu, na sombe zisikosekane, soya, maharagwe, yai likipatikana. Mara ya pili nilihubiri jua. Nilisema Butembo na Vuhovi ni baridi, mama zetu wanakaa ndani na sweta, chandail juu ya chandail, na ngozi isiyoona jua haiutengenezei mwili vitamine ya kupeleka calcium kwenye mfupa. Nikafungua dirisha. Mara ya tatu nilikagua nyumba. Nikasawazisha kizingiti cha mlango, nikatoa mkeka uliokunjamana, nikamwaga changarawe kwenye njia ya choo, nikavikataa viatu vyake, sapato zilizolainika chini. Nilikuwa nimefundisha kila kitu cha kweli kinachohusu mifupa isipokuwa kimoja.

Siku hiyo ya tatu, nikiwa nafunga mkoba wangu, aliniita kutoka kitandani.

"Kambale, dawa inabakia bidonge bine tu. Utatuma ingine?"

"Inabakia bine namna gani? Si unapunguza?"

"Nilipunguza, magoti ikauma. Nikarudilia yote."

Nikakaa pembeni ya kitanda. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa, na nilikuwa naogopa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Yaya," nikasema, "haiko kamba."

Nikamwambia yote: wajenzi na wabomoaji, siku kumi zilizokuwa miaka mitano, kikwembe, mbuzi, plâtre niliyoipiga picha. Nikamwambia kwamba mgongo wake niliubomoa mimi kwa vidonge nilivyokuwa namtumia. Nililia, na sioni haya kuwaandikia hivyo. Masika alitazama dirisha lile nililolifungua mwenyewe.

"Ulijua?" akauliza.

"Sikujua. Mais ningeuliza, ningejua."

 Nje mke wa Paluku alikuwa anatwanga, nikahesabu mapigo ya mchi kwa kukosa la kufanya. Halafu Masika akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Na Mama Kanyere?"

"Mama Kanyere, rafiki yako? Amefanya nini?"

"Namupatiaka ile dawa. Na Mama Sikuli. Magoti yao ilikuwa inauma, nikabagawia. Nusu, mara zima. Kisha bakaanza kununua beye benyewe." Akanigeukia sasa. "Niligawa juu uliniambia ni muzuri."

 Nilidhani nimemvunja mtu mmoja.

"Nipe fimbo," akasema. "Tuende tubaambie."

Paluku, aliyekuwa mlangoni, akaruka. "Mama, hapana. Mujomba, mukataze."

"Utanikataza wewe?" Masika akamuuliza mwanawe, bila kupandisha sauti, na Paluku akasogea.

Nilimsimamisha kama unavyomsimamisha mtu mwenye mgongo wa namna hiyo, na hapa mnisikilize vizuri. Usimvute mikono akakaa moja kwa moja kutoka chali. Alale ubavu kwanza, ashushe miguu, asukume kitanda kwa mkono, apande wote pamoja kama ubao. Asiiname mbele kuchukua viatu, mvalishe wewe. Akikaa, angoje kizunguzungu kipite. Alingoja. Akasimama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani dada yangu alinitazama kutoka chini. Kilichoniuma zaidi ya yote ni hicho.

Kwa Mama Sikuli ni nyumba ya tatu. Tulitumia dakika ambazo wewe ungefika nyumba ya thelathini. Masika alipumzika mara mbili, akakataa kushikwa kiuno, akakubali kiwiko cha Paluku, aliyetufuata. Mama Sikuli alikuwa uwanjani anapepeta maharagwe. Akaanza kushangilia kumwona rafiki yake nje, akatuletea viti. Masika hakukaa.

"Mudogo wangu iko na neno," akasema.

Nikakohoa. Nikaanza kwa sauti ile ya hospitali, "Mama, kuna dawa fulani, siye banganga tulikosea kidogo..."

Fimbo ikagonga chini.

"Siye nani?" Masika akasema. "Mulikuwa bangapi?"

Nikaanza upya. Nikasema ni mimi niliyemtumia Masika vidonge bila daktari, ni mimi niliyemwambia ni vizuri, na vinakula mifupa. Mama Sikuli alisikiliza ungo ukiwa mapajani. Alikuwa amevinywa mwaka mmoja tu, si kila siku. Akaahidi kwenda kupimwa. Hakunitukana, ila hakuniaga nilipoondoka, na sikumlaumu.

Mama Kanyere alikuwa shida. Huyo ni mjane, analima peke yake, na alitupokea akiwa na jembe begani. Nilisema yote tena, safari hii bila kusukumwa. Alinisikiliza mpaka mwisho akacheka.

"Papa Plâtre, mimi dawa inanisaidia. Bila ile dawa nani atalima? Wewe utakuya kulima?"

Nilimweleza pingili za mgongo. Nilimweleza matundu. Alinitikisia kichwa kama unavyomtikisia mtu wa kampeni. 

Masika alimpa Paluku fimbo. Akageuka polepole, akampa rafiki yake mgongo, akashusha kitenge cha mabegani.

"Shika," akasema.

"Masika, acha bile."

"Shika hapa. Katikati. Nilikuwa nakupita na kichwa muzima, Kanyere. Shika."

Mama Kanyere akalaza jembe chini. Aliweka kiganja juu ya blausi, kwenye ule mwinuko, akakipeleka juu, akakishusha, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa anajua kilipo. Hakucheka tena. Mkono ulikaa pale. Halafu aliingia ndani akarudi na pakiti mbili, moja haijafunguliwa, akaniwekea zote mkononi.

"Naacha yote leo?"

"Hapana," nikasema, nikamrudishia ile iliyofunguliwa. "Polepole, na docteur njo atakuonyesha. Kesho asubuhi uende ku centre de santé."

Kituo hicho cha afya kiko mwendo wa nusu saa kutoka pale kwa mtu mwenye afya, na njiani kuna kilima kimoja na daraja la miti. Mama Kanyere alimtazama Masika, aliyekuwa anajifunga kitenge chake taratibu bila kuinama.

"Na wewe utaenda kule, Masika? Na nini? Pikipiki?"

"Kwa miguu," Masika akasema. "Uningojee hapa, nitakupitia."